Mtungi Uliovaa Rangi ya Mbao

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu Hawi, ulipokuwa bado wa kulala mchana, nilirudi nyumbani nikapokewa na harufu ya gesi kabla sijaingiza mguu ndani. Nitafika hapo. Kwanza acha nikuambie kwa nini nakuandikia haya leo na si ukiwa mkubwa.

Wiki hii mwalimu wako amenipigia simu. Umemrukia kijana aliyemmwagia mwenzako uji, ukapiga kelele mpaka darasa la jirani wakatoka kuangalia. Mwalimu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayechagua maneno, "Mama Hawi, hii hasira mtoto anaitoa wapi?" Nikamwambia asihangaike kutafuta, anaongea nayo. Hapa kwenye ploti nilipowasimulia wapangaji wenzangu, wanawake walicheka mpaka wakaacha kufua. Wananijua.

Basi sitakudanganya. Hasira ni yangu, umeirithi kama ulivyorithi paji la uso. Na sikuandikii ili uiache. Mimi mwenyewe sijaiacha. Tena najua nasaha ni kazi ya wazee, na mimi meno yangu yote yapo na mgongo bado unabeba mtungi wa maji bila kulalamika. Huko kwetu wangeniambia nikae chini nisubiri zamu yangu. Sina huo muda. Mwenye haki ya kukuambia haya ni nyanya yako, Dani, na yeye hapendi kuongea. Ninayaandika kwa niaba yake, pamoja na yale ambayo sikukubaliana naye.

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi Gatina, kule Kawangware, katika karakana ya mtu anaitwa Musyoka. Kazi yetu ilikuwa rangi ya unga. Watu wengi wanadhani rangi yote hutoka kwenye mkebe na hupakwa kwa brashi. Hii ni unga mkavu, laini kama wa chapati. Unapulizwa kwa bunduki yenye umeme kidogo, na kwa sababu ya ule umeme unang'ang'ania chuma jinsi vumbi linavyong'ang'ania kioo cha televisheni. Hapo bado si rangi. Ukipitisha kidole, unafutika wote. Lazima chuma kiingie kwenye oveni, unga uyeyuke, usambae, ushike. Kikitoka kimepata ngozi mpya. Mvua haipiti, kutu haipiti. Kitanda chako cha kwanza, kile cha kijani, nilikipuliza pale mwenyewe.

Kazi yangu hasa ilikuwa kuosha, kuvua na kutundika. Kuvua ndilo neno tulilotumia. Kabla kitu hakijaingia kwenye oveni unakivua kila kisicho chuma: plastiki, mpira, grisi, hata stika. Moto wa oveni ni mkali kushinda wa kuchemsha maji, na hauchagui. Mara moja tulisahau mpira kwenye miguu ya viti vya kanisa, na karakana nzima ikanuka wiki nzima.

Baada ya kuvua unatundika kwa ndoano. Za kwangu nilizikunja mwenyewe kwa waya, zenye ncha mbili, ili kitu kisizunguke kikipulizwa. Pale ndoano inapogusa, unga haushiki. Kwa hiyo kila nilichotundika kilibaki na vidoa viwili vidogo vya chuma kitupu, kama kimeng'atwa na nyoka. Musyoka alinicheka kwa hizo ndoano. "Mama Hawi, hii ni chuma unatundika ama unaivalisha hereni?" Nilizipenda. Zilikuwa kitu changu peke yangu pale.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu kosa lilianzia mahali pazuri.

Maseremala walikuwa wameanza kutuuliza kama tunaweza kupaka milango ya kabati za jikoni, zile za MDF, mbao za vumbi la mbao lililoshindiliwa. Oveni ya kawaida ingezipasua. Musyoka akatafuta poda ya aina nyingine, inayoiva kwa moto wa chini, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao na vitu visivyovumilia joto. Ilikuwa ya kijivu cha kuelekea bluu, na ikishaiva ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama msasa uliochoka. Mlango wa kwanza ulitoka safi, haukujikunja wala kupasuka. Siku hiyo Musyoka alitembea kama mtu aliyeoa tena.

Ilikuwa siku chache baadaye Kevo alipokuja na mkokoteni. Kevo alikuwa na duka la gesi kwetu Kibera, pale Soweto East, karibu na tulipokuwa tunakaa. Alileta mitungi mitatu, ile midogo inayofungwa meko juu yake, imeliwa na kutu mpaka huwezi kujua ilizaliwa na rangi gani. Wateja walikuwa wanaikataa. Alitaka ing'ae, na aliitaka jioni hiyo hiyo.

Musyoka alifungulia valvu zote, akaacha gesi iliyobaki itoke uwanjani. Hapo simlaumu. Kisha akaniambia niisugue nitundike.

"Na valvu?" nikauliza.

"Zinakaa."

"Fundi, tunavua kila kitu."

"Hiyo haitoki na spana ya hapa. Na hii siweki ile poda ya kawaida, naweka ya mbao. Moto wa chini." Akapiga mtungi kwa kiganja. "Kama moto haijaunguza mbao, itaunguza chuma?"

"Chuma haiungui. Na ule mpira ndani ya valvu?"

"Wewe umeuona?"

"Sijauona, lakini gesi inazuiliwa na nini kama si mpira?"

Kevo akaingilia, amekaa kwenye mkokoteni wake akila miwa. "Madam, hii ni mtungi, si mgonjwa. Tundika tu."

Nilimwambia Kevo maneno ambayo sitayaandika hapa. Musyoka naye nilimpa yake. Moto wa chini si moto wa hakuna, nikamwambia. Mlango wa mbao unabadilika rangi tu ukipita kiasi, lakini mpira unaweza kukauka ukiwa umefichwa, na hutaujua mpaka mtu amewasha kiberiti. Nilisema hayo kwa sauti ambayo wauza nguo za mitumba ng'ambo ya barabara waliisikia. Musyoka akaniambia kama siwezi kutundika nipishe. Nikapisha. Nilitupa glavu, nikachukua kikapu changu nikaondoka, na nikiwa mlangoni nilimwona akiitundika mwenyewe, kwa ndoano zangu.

Hapa ndipo Dani angekuambia usikie vizuri, mwanangu. Usiku ule nilimweleza baba yako mpaka akasinzia. Kesho yake nikaeleza foleni nzima ya maji. Nikamweleza Mama Brayo wa mlango wa pili, nikaigiza mpaka vile Kevo anavyotafuna miwa, na wanawake wakasikitika, wakasema Musyoka ni mjinga. Nililala vizuri. Nilikuwa nimesema ukweli, tena kwa sauti, na nilihisi kama nimeshafanya kazi.

Jumatatu nikarudi kazini kwa sababu mlikuwa mnakula. Mitungi ilikuwa imekwenda. Musyoka alinipokea akitabasamu. "Umeona? Hakuna kitu imelipuka." Nikachukua glavu zangu pale nilipozitupa.

Ndiyo tunafika ile Jumamosi.

Nilitoka kazini mchana. Gesi ya nyumbani ilikuwa imeisha siku iliyotangulia, na baba yako, kabla ya kwenda kwenye mjengo asubuhi, alikuwa amepeleka mtungi wetu dukani akabadilishiwa mwingine. Mimi sikujua alikwenda duka gani. Dani alikuwa amekuja kutoka shamba tangu wiki iliyotangulia kukaa na wewe, na aliyekuwa nyumbani ni yeye. Nilimpita kwenye bomba la maji akisubiri ndoo yake ijae. Akanipungia mkono. Umelala, akasema.

Mlangoni nikaisikia ile harufu.

Chumba chetu unakijua, kile cha zamani. Kitanda kilianzia pale meko yalipoishia. Ulikuwa umelala chali, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya leso. Meko yalikuwa yamezimwa, swichi imefungwa kabisa, lakini harufu ilikuwa nzito na ilikuwa inaongezeka. Nikaweka mkono kwenye mtungi. Mkwaruzo. Ule wa msasa uliochoka. Kijivu cha kuelekea bluu. Nikaupapasa pale juu pa kushikia na kidole kikaangukia vidoa viwili vya chuma kitupu.

Ndoano yangu, ndani ya nyumba yangu, karibu na kichwa chako.

Unajua nilifanya nini? Nilitoa simu. Nilimpigia Musyoka, akashika, na nikaanza. Nilimtukana yeye na oveni yake na siku aliyozaliwa. Nilisimama katikati ya ile harufu nikipiga kelele, na wewe ukaamka ukaanza kulia, na mimi nikazidisha sauti ili nikushinde. Hatua chache kutoka mlangoni Mama Brayo alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la makaa akichoma chapati.

"Nyar Asembo!"

Hivyo ndivyo Dani ananiita, binti wa Asembo, kwa sababu kwetu mke huitwa kwa kule alikotoka hata akikaa nanyi mpaka nywele zigeuke. Alikuwa mlangoni, ndoo bado kichwani. Hakupaza sauti. Dani hajawahi kupaza sauti tangu nimjue, na ndiyo maana mtu husikia.

"Mdomo wako umefika Kawangware," akasema. "Mikono yako iko wapi?"

Nikaiangalia mikono yangu.

"Umeshika simu. Mtoto ameshikwa na nani?"

Mwanangu, nimepigwa na mwalimu nikiwa sekondari, nimesukumwa na polisi, sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na swali hilo. Nikaiachia simu ikaanguka kitandani Musyoka akiwa bado anajitetea humo ndani. Nikakubeba. Dani tayari alikuwa ameweka ndoo chini na kumgeukia jirani.

"Mama Brayo, nisaidie na hiyo jiko yako. Ipeleke kule kwa bomba. Chapati nitakujia huko huko, nimesikia njaa."

Mama Brayo akacheka, akainua jiko kwa vitambaa vyake na kuondoka nalo polepole, bila hata cheche moja kudondoka. Fikiria Dani angepiga kelele kama mimi. Mama Brayo angeruka, jiko lingepinduka, makaa yangetapakaa mpaka kizingitini kwetu. Niliona hilo wakati ule ule, na likaniudhi, kwa sababu sikutaka mtu mwingine awe sahihi.

Tulifungua mlango na dirisha, tukautoa mtungi mpaka kwenye uwazi wa nyuma, mbali na vyoo na wavuta sigara. Dani akachota povu la sabuni kutoka karai la mtu aliyekuwa anafua, akalipaka kwenye shingo ya valvu. Povu likaanza kupuliza mapovu makubwa, moja baada ya jingine, kama mtoto anayecheza.

"Hii ndiyo ulikuwa unatuambia?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. Nilisema! Si nilisema?"

"Ilikuwa moja?"

"Mitatu."

"Ingine iko wapi?"

"Sijui. Kwa Kevo. Imeuzwa."

"Ulimwambia nani?"

"Kila mtu! Foleni yote ya maji!"

"Kevo ulirudi kwake ukamwambia usiuze?" Nikakuhamishia bega la pili. "Ulizunguka ukauliza nani amenunua? Basi uliwaambia watu wasikie vile umekasirika."

Nitakuambia ukweli: nilimchukia kwa dakika ile. Aliyeipika mitungi ni Musyoka. Aliyeiuza ni Kevo. Aliyeonya ni mimi peke yangu, na ndimi niliyekuwa nagombezwa nikiwa na mtoto mkononi. Mpaka leo sioni haki katika hilo, na nilimwambia Dani hivyo pale pale, akaniambia haki nitaitafuta jioni, sasa twende. Alichukua leso, akakufunga mgongoni kwake, akaniambia nimtangulie.

Kevo alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya duka. "Sasa, mrembo? Leo umekuja kuniletea lunchi ama matusi?"

Kila kidole changu kilitaka shingo yake. Nikaificha mikono nyuma. "Kevo," nikasema, na sauti ilitoka ndogo mpaka mwenyewe nikashangaa, "ule mtungi wa kijivu uliompa baba Hawi unavuja kwenye shingo. Umefungwa na unavuja. Mtoto alikuwa amelala hapo. Ingine iko wapi?"

Nadhani ile sauti ndogo ndiyo iliyomtisha. Alinizoea nikibweka. Akasimama.

"Moja iko hapa nyuma. Bado sijaiuza."

"Ya tatu?"

"Ya tatu imeenda kwa Ticha Roza. Asubuhi hii. Waliitisha ya uji."

Ticha Roza ndiye aliyekulea wewe na nusu ya watoto wa sehemu ile. Chumba kimoja cha mabati, mkeka, na watoto kama kuku. Jumamosi alifungua pia, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku mama zao wanaenda kufua nguo za watu mtaa wa Ayany na kwingine. Uji unapikwa saa hizo hizo.

Nilikimbia. Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba sandali moja ilikatika nikaiacha.

Mlango ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wamekaa mkekani na vikombe vyao wakigongagonga. Nyuma ya pazia la leso kulikuwa na jikoni, na pazia lilikuwa limesogezwa, kwa hiyo niliona. Sufuria kubwa juu ya meko, uji unatokota. Chini ya sufuria moto wake wa kawaida. Na chini zaidi, pale kwenye shingo ya mtungi wa kijivu, mahali ambapo hapatakiwi moto wowote, palikuwa na mwali mwingine. Mdogo, wa bluu, mfupi kama ulimi wa paka. Ticha Roza alikuwa anakoroga uji bila habari.

Roza alikuwa msichana wa kushtuka. Panya akipita alipanda juu ya meza. Nilifungua mdomo, na neno lilikuwa tayari kwenye ulimi: moto! Ningelisema, angeruka na mwiko mkononi, sufuria ingeanguka, watoto wangekimbilia kwake kama wanavyokimbilia kila wakiogopa. Kwake, maana yake kwenye ule mtungi.

Niliufunga mdomo kwa kiganja changu mwenyewe. Kweli kabisa, nilijiziba. Halafu nikapiga makofi, makofi ya kucheza.

"Ticha, sasa? Leo watoto wanakunywa uji nje, kuna jua zuri. Njooni, treni! Shika shati ya mwenzako!"

Watoto wanapenda treni. Wakasimama, wakashikana mashati, wakatoka wakipiga honi kwa midomo. Roza akatokeza kwenye pazia amekunja uso. "Mama Hawi, ni nini? Uji bado."

"Wacha uji. Beba wale wawili wadogo unifuate. Usigeuke nyuma, Roza. Tafadhali."

Aliona uso wangu. Akawabeba, akatoka. Nikabeba wale waliokuwa bado wanatambaa, mmoja kila upande, nikawaweka uwanjani. Roza akawapitisha macho watoto wake, kisha akawapitisha tena.

"Tevin," akasema. "Tevin hayuko."

Kila mtu alimjua Tevin. Tevin alipenda uji kuliko mamake.

Nilirudi ndani. Alikuwa nyuma ya pazia, amechuchumaa karibu kabisa na mtungi, kikombe kimeinuliwa, akingoja kuwekewa wa kwanza kabla wenzake hawajarudi. Ule mwali wa bluu ulikuwa umerefuka. Ulikuwa unalamba ile rangi nzuri ya kijivu na rangi ilikuwa inavimba malengelenge.

"Tevin," nikasema, polepole kama mtu anayeita kifaranga. "Hicho kikombe kina shimo. Njoo nikupe kikubwa."

Akakigeuza, akakiangalia chini, akatafuta shimo. Nilihesabu pumzi zangu. Akaniangalia, hakuniamini sana, lakini neno kikubwa lilimvuta. Akanyoosha mkono. Nikaushika, nikamvuta mpaka kwangu, nikatoka naye nikiwa nimeugeuzia mgongo mtungi ili ukilipuka unipate mimi.

Nikampa Roza. Kisha nikachukua blanketi la watoto kwenye kamba, nikalizamisha kwenye ndoo, nikaingia mara ya tatu. Nililiviringisha mkononi, nikapeleka mkono chini ya sufuria na kuizungusha ile swichi. Iligoma kwanza. Ikakubali. Moto wa juu ukazima, na kwa kuwa mpira wake haukuwa umekauka kabisa kama wa mtungi wetu, ule wa bluu ukarudi nyuma, ukarudi, ukaisha. Nikaiteremsha sufuria, nikautoa mtungi nje ukiwa umefunikwa blanketi linalochuruzika, nikauweka mbali, nikakaa chini kwenye vumbi.

Dani alifika na wewe mgongoni. Akaangalia watoto. Akaangalia mtungi, na mkono wangu uliokuwa umebabuka. Nilingoja aseme kitu. Mtu hutaka kusifiwa, si vibaya.

"Na uji?" akauliza. "Uliiva?"

Nilicheka nikalia pamoja, na Roza naye, na Tevin akauliza kikombe kikubwa kiko wapi.

Sijamaliza. Jumatatu nilikwenda Gatina na kichwa cha mtungi wetu, ile valvu yenyewe, ambacho Kevo alikuwa amekifungua kwa watu wenye spana kubwa. Kevo alikuja nami, kichwa chini, na Roza pia. Nilikiweka mezani mbele ya Musyoka, nikabonyeza kwa bisibisi. Mpira ulitoka vipande vipande, mkavu kama gamba la yai. Akavikusanya kwa kidole. Akakichukua kile kichwa chenye rangi ya kijivu, akakigeuza kwenye mwanga.

"Lakini rangi ilishika vizuri," akasema.

Mwanangu, hayo ndiyo maneno yake. Kwa macho yake makavu. Roza alinishika mkono akidhani nitamrukia. Sikumrukia, wala sikupiga kelele. Nilikwenda kwenye reli ya kutundikia, nikazitoa ndoano zangu zote, hata zile zilizokuwa zimebeba madirisha ya mtu, nikayalaza madirisha chini taratibu, nikazitia kwenye kikapu. Bila ndoano hakuna kinachoingia kwenye oveni. Wateja walikuwa wamesimama pale wanangoja. Mmoja akauliza kuna nini, na Kevo, Kevo huyo huyo wa miwa, akawaeleza yote, pole pole, akionyesha vile vipande. Mimi nilishatoka.

Nasikia siku hizi Musyoka hapokei mitungi. Sijui ni aibu au ni woga. Mimi nafanya kazi kwingine, bado natundika, bado kwa ncha mbili. Na sijamsamehe. Watu wa kanisani wananiambia nimsamehe, nawaambia nikimaliza kufikiria.

Sasa shika haya.

Ukiuziwa kitu kipya kinachong'aa, papasa, nusa, uliza kilichokuwa chini na moto kiliopitia. Rangi hulinda chuma, na mimi naiamini kazi yangu. Lakini rangi haiwezi kulinda kile ambacho moto ulishakiua ndani, na anayekuambia haijalipuka hajakuambia ni salama.

Na hasira yako usiizime. Watakuambia msichana anyamaze, usinyamaze. Ila usiiachie yote ipitie mdomoni, kwa sababu ikitoka huko inakuacha umeridhika na kitu chenyewe bado kiko pale pale kinavuja. Ukikasirika, kwanza angalia mikono yako imeshika nini. Nani yuko karibu na moto? Mtoe huyo. Kisha mfuate mwenye kosa mpaka mlangoni kwake, na umwambie yeye, si foleni ya maji. Dani alinifundisha nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni yangu, na yeye anasema nimeiongeza chumvi.

Kuhusu yule kijana wa uji, ulivyompigia kelele sitakugombeza. Nina swali moja tu, na nitakuuliza leo ukirudi: mwenzako aliyemwagiwa, kuna aliyemfuta?

Mungu akupe sauti isiyoogopa mtu na mikono inayofika kabla yake. Akufiche na kila kitu kinachovuja bila harufu. Na siku utakayopiga kelele huku umeshika simu badala ya mtoto, kama mimi, akuletee mlangoni mtu mwenye ndoo kichwani, wa kukuita kwa jina la kwenu.